Mwanamke mwenye pesa kwenye tamthilia: mbona hatumwoni akifanya kazi?

Mtoa mada:

Wakuu, kwangu ikifika jioni rimoti si yangu. Nimeshaangalia Huba, nimeangalia Jua Kali, na za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili ndiyo usiseme. Kijiweni wenzangu wanadai tamthilia zinawafundisha wake zetu jeuri. Mimi lawama yangu ni nyingine.

Tazameni yule "bosi mwanamke". Kucha ndefu, gari jeupe, meza ya kioo. Anapiga simu moja, "Mzigo umefika?", basi, kazi imeisha, dakika zinazobaki ni kugombania bwana. Hatumwoni akipiga hesabu, akikopa, akihangaika na kodi. Na mwisho wake tunaujua tangu mwanzo: kakimbiwa na mume, au ameenda kwa mganga. Mwema ni yule anayelia jikoni.

Jirani yangu anauza vitumbua. Saa tisa usiku kashaamka, mchele ameuloweka tangu jana, Jumamosi ananunua hisa zake za VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Mumewe ni fundi, kazi zimekata, kwa hiyo nyumbani yupo yeye. Anapeleka watoto shule, anafua sare. Ila kuanika, anasubiri giza liingie majirani wasimwone. Nani ametuonyesha hilo kwenye runinga? Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nani akeshe kuangalia mchele ukilowekwa? Watu wanataka ugomvi, na mtangazaji wa sabuni anafuata walipo watu. Halafu usipindishe. Mke wangu tangu azoee hizo tamthilia ananiuliza hati ya nyumba ina jina la nani. Miaka kumi na moja hakuwahi kuuliza.

Mtoa mada:

Hapo umejifunga mwenyewe, ndugu yangu. Swali hilo ni la zamani kuliko king'amuzi chako. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inakukataza kuuza nyumba mnayoishi bila ridhaa ya mwenzako, hata kama hati ni ya jina lako. Na mwaka 1983, kwenye shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kupika, kufua na kulea nako ni mchango katika mali ya ndoa. Bi. Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe za kuanzisha mradi alizitapanya. Mtunzi gani angebuni kisa kama hicho? Kipo, kimelala kwenye makabati ya mawakili, na sisi tunaletewa sumu kwenye juisi kila wiki.

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni mwanamke na nina duka la vipodozi, naomba niseme kidogo. Wale mabosi wa kioo nawapenda, nisiwadanganye. Nikifunga duka saa tatu miguu imevimba, sitaki kumwona mwenzangu naye amevimba miguu. Kinachoniudhi ni kimoja: akipata pesa tu lazima awe na kiburi kwa mama mkwe. Mama mkwe wangu ndiye aliyenipa mtaji.

Na huyo fundi mwambieni aanike mchana. Sare zikilala nje zinapigwa na umande, asubuhi mtoto anavaa mbichi.