Laini moja, nyumba 12: video zifungwe jioni?

Katindo, Goma: Jengo la kupangisha lina nyumba 12 na laini moja ya intaneti: megabiti 20 kwa sekunde kushusha, 4 kupandisha. Jioni wengine wako darasani kwa video, wengine wanatazama mpira, na sauti inakatikakatika. Napendekeza mpira na filamu vifungwe saa 12 hadi saa 3 usiku. Simu ya sauti haifiki hata kilobiti 100 kwa sekunde. Kwa nini inyongwe na filamu?

Ibanda, Bukavu: Ndugu, data za mpira zinashuka kuja kwenu. Kinachoua sauti mara nyingi ni kupandisha. Simu moja ikianza kuhifadhi picha zake mtandaoni, inajaza foleni ya modemu, pale data zinapongoja zamu ya kutoka. TCP, kanuni ya kutuma data, kwa kawaida huongeza mwendo mpaka pakiti (kifurushi kidogo cha data) ipotee, na modemu yenye foleni ndefu haitupi kitu mapema. Piga hesabu: megabaiti 1 ikingoja kwenye megabiti 4 ni sekunde 2 nzima, wakati ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, inapendekeza mazungumzo yasichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Pakiti ya sauti ikichelewa hivyo ni sawa na iliyopotea.

Pima kasi alfajiri, laini ikiwa tupu. Kwenye rauta yenye programu huria ya OpenWrt washa SQM (usimamizi wa foleni), chagua CAKE, njia yake ya kupanga foleni, weka asilimia 90 ya kasi uliyopima: kilobiti 18,000 na 3,600. Foleni itahamia kwenye rauta yako, unakoweza kuitawala. Kisha pandisha faili kubwa huku ukipiga ping, kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi. Muda ukiruka sana, punguza tena.

Kampemba, Lubumbashi: Hiyo ni kwa laini tulivu. Ya 4G jioni inashuka kutoka 20 hadi 8. Ukiwa umeweka 18 hujabana chochote, foleni inarudi modemu. Weka kiwango cha jioni, hata kama ni 7. Na haki je? CAKE ikigawa kwa kila kifaa, nyumba yenye simu sita inakula mafungu sita. Kila nyumba iwe na rauta yake ndogo, ili rauta kuu ione anwani moja kwa kila mlango.

Katindo: Vizuri, lakini foleni nzuri haizai megabiti. Nyumba 12 zikifungua video za megabiti 5, ni 60 juu ya laini ya 20!

Ibanda: Hazifiki, mkubwa. Filamu hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kimoja kwa ubora tofauti. Nyumba ikipata 1.5, kicheza video kinachukua kipande chepesi. Na utafungaje? Karibu video zote zimesimbwa, yaani zimefichwa kwa msimbo. Rauta haijui ndani kuna somo au mpira. Ukifunga anwani, mtu anawasha VPN, njia ya kuficha anakoelekea.

Katindo: Basi nashikilia hili moja: somo la moja kwa moja haliwezi kujiwekea akiba kama filamu. Nyumba yenye darasa ipewe megabiti 2 za kushusha na 1 ya kupandisha, za uhakika, hadi saa 3. Kwa mpango wa rauta moja kila mlango, hilo linawezekana bila kuchungulia anachotazama mtu.