Mjadala: Pesa ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi ikienda vyuo vikuu vya Kikatoliki, nani anamfadhili nani?

Kijana wa Tandika:
Wakuu, kila majina ya mkopo yakitoka hoja hii inarudi vijiweni: kwa nini kodi ya watu wa dini zote ilipe ada kwenye vyuo vya Kanisa? Naileta hapa tubishane, ila upande wangu nausema mapema. Kanisa halipewi sadaka. Anayekopeshwa ni mwanafunzi, na akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Chuo kinalipwa kwa kazi ya kufundisha, basi.

Halafu tuijue historia. Shule za misheni zilipotaifishwa kwa sheria ya 1969, Kanisa halikuwa na chuo kikuu cha kunyang'anywa. Lilikuwa na taasisi ya Nyegezi kule Mwanza, aliyoianzisha Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Waandishi wa habari wangapi wa hapa mjini wamepita Nyegezi! Vyuo vikuu binafsi vilifunguliwa njia na marekebisho ya sheria ya elimu ya 1995, na 1998 Nyegezi ikawa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Baada ya hapo tazama ramani: Mwenge Moshi, Ruaha Iringa, Jordan Morogoro, AMUCTA (chuo cha Askofu Mkuu Mihayo) Tabora, kingine cha afya Ifakara. Stella Maris iko Mtwara, mkoa wenye Waislamu wengi. Zamani kijana wa Mtwara ndiye aliyefunga safari kuja Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo wa Mbagala anapanda basi kwenda kusoma Mtwara. Mnataka tukate mkopo, tumkomoe nani?

Mzee wa Magomeni:
Kijana, hadithi umeianzia katikati. Kabla ya hiyo 1969, mkoloni alikuwa akizipa shule za misheni ruzuku, na sisi wa pwani watoto wetu wakabaki na madrasa na shule chache za serikali. EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, walikuwa na mpango wa kujenga chuo kikuu cha Waislamu hapahapa Dar. Mwaka 1968 jumuiya ikapigwa marufuku na mpango ukazikwa nayo. Mwaka 1992 Serikali ikatia saini makubaliano ya huduma za jamii na TEC, baraza la maaskofu Wakatoliki, pamoja na CCT, jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti. Sisi tuliambiwa nini? Usinieleze habari za mwanafunzi na deni lake kama vile wote tulianza mbio mstari mmoja.

Nesi wa Ubungo:
Mnabishana vyuo mnasahau Bugando, hospitali ya rufaa kule Mwanza. Kanisa lilijenga, hospitali ikafunguliwa 1971, mwaka uliofuata ikataifishwa, 1985 ikarudishwa kwa maaskofu. Watumishi wengi wanalipwa na Serikali. Mwaka 2003 ndani yake kikaanza chuo cha kufundisha madaktari. Mgonjwa aliyeletwa na gari la wagonjwa kutoka Geita usiku anahudumiwa na daktari wa mafunzo kwa vitendo, dripu ya Serikali, jengo la Kanisa. Hayo mahesabu ya nani anamfadhili nani mtayapigia wapi?

Kijana wa Tandika:
Mzee wangu, shikamoo. La 1968 ni donda, na sibishani nalo. Lakini Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilipewa majengo yaliyokuwa ya TANESCO enzi za Mkapa, na wanafunzi wake wanakopeshwa na Bodi hiyohiyo.

Mzee wa Magomeni:
Marahaba. Majengo tuliyapokea, tumeshukuru. Sasa nijibu hili: waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili wa 1990, *Ex corde Ecclesiae*, unaelekeza walimu wasio Wakatoliki wasiachwe wakawa wengi chuoni. Pesa ya umma, ajira kwa kuangalia ubatizo?

Kijana wa Tandika:
Waraka huohuo unataka uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe. Na anayependekeza Serikali ivichukue vyuo hivi aulize Kongo. Lovanium, chuo cha Wakatoliki kilichoanzishwa 1954, Mobutu alikitaifisha 1971 akakichanganya na vingine. Kukiunda upya kwa amri ya ikulu hakukukiponya.

Binti wa Temeke:
Samahani wazee, mimi ni Muislamu na nimesoma chuo cha Kanisa, mkoa sitautaja. Misa sikulazimishwa, hijabu sikuvuliwa. Kilichonitesa ni ada. Bodi ilinilipia asilimia tu, bumu, ile pesa ya kujikimu, likaishia kwenye chumba na chakula, na baki ya ada ikasimama. Wiki ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, jina langu halikuwemo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia mtihani. Mama aliuza cherehani. Waliofukuzwa nami foleni ya uhasibu walikuwa akina Maria na akina Yosefu pia, tena wengi.

Mzee wa Magomeni:
Hapo binti umenigusa. Kijana, Kanisa linakusanya sadaka kila Jumapili na chuo ni chake. Hiyo baki ya ada iliyomfukuza Yosefu kwenye mtihani, ilishindikana kulipwa na nani?

Kijana wa Tandika:
Mzee, hilo wakajibu maaskofu. Mimi natetea mkopo tu.