Sisi wenye boti Amu (Lamu) tunalipia barabara ya nani?

Wanajukwaa, nimechoka, na leo sisemi kwa upole.

Kila lita ya petroli inayouzwa Kenya ina Sh25 za ushuru wa kutunza barabara. Kila lita, iwe inatiwa kwenye gari la mheshimiwa Nairobi au kwenye injini ya boti yangu ya abiria wa Mokowe na Amu. Nikitia lita 20, Sh500 zishakwenda barabarani kabla sijavuta kamba ya injini. Barabara gani? Vichochoro vya mji wa Amu vingine punda wawili wenye mizigo hawapishani. Njia yangu mimi ni maji, na maji hayana mashimo wala hakuna mkandarasi aliyewahi kuyatia lami.

Na hapo sijagusa ushuru wa reli. Ndiyo, reli! Umo humo humo kwenye bei ya mafuta. Reli ya Lamu kwenda Isiolo tumeahidiwa tangu LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari, reli na barabara, uzinduliwe 2012, hadi leo hatujaona hata taruma moja. Juu yake kuna VAT, iliyotoka asilimia 8 ikawa 16 mwaka 2023.

Kinachonichoma hasa ni ya 2024. Vijana walikufa barabarani mwezi wa Juni wakiandamana kupinga Mswada wa Fedha na kodi zake, mswada ukaondolewa, tukadhani serikali imesikia. Julai ushuru wa barabara ukapanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa amri ya waziri. Walifungiwa mlango, wakaingia kwa dirisha. Na zile Sh7 za nyongeza zishawekwa rehani, zimekopewa mabilioni ya kulipa madeni ya makandarasi. Yaani hata mkiiondoa serikali hii kesho, mafuta ambayo hujayanunua yashadaiwa.

Najua kuna atakayekuja na hoja kwamba unga wangu huletwa na lori. Sawa. Lori lililipa ushuru lilipotia mafuta, mwenyewe akaupandisha kwenye bei ya unga, nami nikaulipa dukani. Mara moja inatosha, jamani.

Mwengine atasema tuombe kurejeshewa. Hapana, ahsanteni. Kurejeshewa ni fomu, fomu ni ofisi, na ofisi ni "njoo kesho" mpaka utoe chai. Sitaki ruzuku. Sitaki gati lenye jina la mwanasiasa, wala semina ya uchumi wa buluu (posho zenyewe hula wao). Nataka pesa yangu isichukuliwe kwa kitu nisichokitumia. Anayetumia barabara ailipie, na serikali ikiona hazitoshi ianze kwa kupunguza misafara yake.

Nauli ikipanda abiria hunitukana mimi, nahodha. Siwezi kubandika hesabu za Hazina ubavuni mwa boti.

Wa Faza, Kizingitini na Kiunga, lita mnauziwa shilingi ngapi huko? Wekeni bei hapa tulinganishe. Na waheshimiwa wa kaunti mnaosoma kimya kimya, nanyi jibuni.