Naombeni ushauri: chakula chepesi cha mchana kwa joto hili la Dar

Kipepeo_wa_Tabata:
Habarini wapendwa. Joto la mwezi huu wa pili limenishinda, jana nimelala sakafuni sebuleni na feni inapuliza upepo wa moto. Naomba mawazo ya chakula chepesi cha mchana, kitu mtu anakula na hasinzii. Kisiwe ugali wala pilau, na kisihitaji kupashwa. Mimi nimefikiria makaroni ya baridi yaliyochanganywa na kuku na mayonezi, pembeni tango. Mnaonaje? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi. Natanguliza shukrani.

Kijana_wa_Feri:
Madafu mawili na kivuli cha mwembe. Kazi imeisha.

BiMkubwa_Ng'ambo:
Mwanangu, makaroni na mayonezi yanakaa tumboni kama zege. Kwetu Unguja kaskazi ikivuma tunapika chukuchuku. Chukua samaki, changu au tasi, maji, chumvi, kitunguu, nyanya na pilipili mbichi nzima, usiipasue. Hapana tui, hapana mafuta. Ndimu ukamulie baada ya kuepua, ukiitia mapema mchuzi unafanya uchungu. Pembeni chana embe bichi lile la kijani, ulipake chumvi na pilipili kidogo. Marehemu mama alikuwa akipika hivi baba akirudi baharini, na ilikuwa lazima kichwa cha samaki kiende kwa baba. Siku moja kaka yangu alikila kabla baba hajafika, akalala kwa jirani siku mbili.

Mnyalu_wa_Makete:
Joto ndio nini wakuu? Huku nimevaa koti naota moto.

Kijana_wa_Feri:
@Mnyalu_wa_Makete kila uzi wa joto lazima uje na koti lako.

Sufuria_Nyeusi:
Dada, kabla hatujafika kwa samaki. Unampikia nani, na kwa nini Jumamosi?

Kipepeo_wa_Tabata:
Watu wazima wa kawaida tu. Bi Mkubwa asante, ila samaki ana miiba, haitafaa.

Sufuria_Nyeusi:
Wangapi?

Kipepeo_wa_Tabata:
45.

Kijana_wa_Feri:
Hahahaa! Mimi nilidhani unampikia mume.

Kipepeo_wa_Tabata:
Ni oda. Kuna ofisi wana semina ya siku moja Kibaha, ukumbi hauna kiyoyozi, wakasema wanataka kitu chepesi cha baridi. Mume wangu yuko pale ndiye aliyenipigia debe. Nilichouliza ni chakula gani kinafaa joto, naomba tubaki hapo.

Sufuria_Nyeusi:
Tutabaki hapo hapo. Unapika saa ngapi, na kinalala wapi?

Kipepeo_wa_Tabata:
Napika Ijumaa usiku, maana gari linanifuata saa kumi na mbili asubuhi. Kinalala kwenye friji.

Sufuria_Nyeusi:
Friji linapoa?

Kipepeo_wa_Tabata:
Linapoa kiasi. Fundi alisema gesi imepungua, atarudi.

Baba_Ashura:
Fundi friji akisema atarudi, jua amehama mkoa. Wangu alichukua na kile kibao cha nyuma "akakipime". Huu ni mwaka wa tatu. Friji sasa tunaweka nguo za shule.

Sufuria_Nyeusi:
Sasa nisikilize, mimi nimepika kantini miaka 11. Mayonezi ya dukani peke yake siyo adui, ina siki. Hatari ni kuku aliyechanwa kwa mikono, na makaroni yaliyoiva yakapoa taratibu ndani ya beseni kubwa. Vijidudu vinapenda chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na 60, na friji lako "la kiasi" liko humo humo ndani. Chakula kilichoiva hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili, na joto likipita 32 ni saa moja. Wewe umepika saa nne usiku, wao wanakula saa saba mchana. Hesabu mwenyewe. Usije ukasema utakipasha, maana kuna vijidudu vinaacha sumu ambayo moto hauiondoi. Halafu hakitanuka. Kinaweza kuwa kitamu kabisa mpaka saa kumi jioni, foleni ikaanza chooni.

Kipepeo_wa_Tabata:
Nashukuru, lakini menyu nilishawatumia wakaikubali. Kuku 12 nimeshanunua, wako kwenye friza ya jirani. Ndoo ya mayonezi ya lita 5 ipo hapa ndani. Mama yangu alikuwa anapika usiku anauza asubuhi miaka yote, sijasikia mtu kafa.

Mtumishi_Wa_Kweli:
Rudisha advansi yao, uwaambie ukweli. Baraka haiji kwa njia za mkato.

Kipepeo_wa_Tabata:
Advansi imeshalipa ada ya mtoto.

Mtumishi_Wa_Kweli:
Hapo ndipo tunapokosea kama jamii. Hela ya mtu kabla hujaifanyia kazi ni amana. Wanawake wengi siku hizi...

BiMkubwa_Ng'ambo:
@Mtumishi_Wa_Kweli hebu tupishe na wewe. Mtoto asisome?

Muscat_Mswahili:
Salaam kutoka Muscat. Huku kiangazi kinapita 45, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8 ni marufuku kufanya kazi juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Chakula chetu cha mchana wakati huo ni labani (mtindi mwepesi) ya baridi yenye chumvi, tende na tango. Wali unabaki kwa wageni. Mwaka wa kwanza nilileta ubishi wa kikwetu, nikala biriani saa saba nikatoka nje. Nilikuja kuzindukia kwenye ngazi za msikiti, mzee mmoja wa Kibaluchi ananimwagia maji kichwani huku akinicheka.

Mama_Ntilie_Buguruni:
Shoga, watu wanakusomea tu risala hapa. Kuku wako bado wana kazi, usiwatupe. Peleka vitu, usipeleke chakula kilichochanganywa. Ijumaa usiku sukuma chapati nyembamba, zikipoa kabisa zifunge kwenye kitambaa safi, hazitaki friji. Ukizifunga za moto zinatoa jasho na kuota ukungu. Kuku watoe friza Alhamisi usiku, wayeyukie kwenye deli lenye barafu, sio kwenye sinki. Amka saa tisa, wachemshe na tangawizi na ndimu, wachane kwa uma wakiwa wa moto, waingie kwenye hotipoti ambazo umezisuuza maji yaliyochemka. Zijae juu kabisa na usifungue vifuniko njiani, saa ya kula kuku akiwa bado anaunguza vidole ndio salama. Matango, nyanya, karoti na nanasi viende vizima, vimeoshwa, uvikatie huko huko. Mtu anakunjiwa chapati, kuku, kachumbari ya ndimu. Juisi ya ukwaju ya maji yaliyochemshwa iende kwenye deli jingine na barafu za mifuko. Hapo umempa chakula chepesi, na ubaridi umekaa kwenye kachumbari na juisi.

Kipepeo_wa_Tabata:
Ila wao waliandika makaroni.

Mama_Ntilie_Buguruni:
Piga simu. Sema kwa joto hili makaroni yanachacha. Ni ukweli.

Kipepeo_wa_Tabata:
Siwezi kupiga simu pale.

Mpelelezi_Asiyelipwa:
Samahani wadau, naona mnatiririka tu. Mimi nimerudi nyuma kidogo. Tarehe 9 Desemba akaunti hii hii ilifungua uzi "Mume kaachishwa kazi, nianze biashara gani na mtaji wa laki moja". Leo mume yuko ofisini anapiga debe la watu 45. Joto lote hili na bado mnanyweshwa chai.

Kijana_wa_Feri:
Chai ya rangi au ya maziwa?

Baba_Ashura:
Ya tangawizi. Kuku 12 wamechemshiwa humo humo. Na mimi nimemhurumia hadi nimetoa siri ya friji langu.

Mnyalu_wa_Makete:
Huku chai inahitajika, mlete.

Sufuria_Nyeusi:
Hata kama ni chai, wapo wengine wanaopika usiku na wanasoma hapa. Maneno yangu yabaki.

Kipepeo_wa_Tabata:
Sikutaka kusema. Ni kweli aliachishwa. Tangu tarehe 6 Januari yuko hiyo ofisi kama dereva wa muda, miezi mitatu ya majaribio. Gari litakalonifuata asubuhi ndilo analoendesha yeye. Bosi wake aliuliza nani anajua mpishi wa bei nafuu, akajitutumua akasema mke wangu. Ndiyo maana siwezi kupiga simu nikaanza kuleta masharti. Na watu wakiugua, atakayeulizwa ni yeye, kesho yake anarudi kukaa nyumbani. Kwa wiki hii nzima nikifumba macho naona foleni ya choo kabla hata Sufuria hajaisema.

BiMkubwa_Ng'ambo:
Pole mwanangu.

Mtumishi_Wa_Kweli:
Ungesema mwanzo tusingefika huku.

Mama_Ntilie_Buguruni:
Basi amwambie yeye mumeo, sio wewe. Leo jioni akimrudisha bosi nyumbani, ndani ya gari: "Bosi, mke wangu anasema makaroni kwa joto hili yataharibika, anaomba awawekee chapati na kuku kwa bei ile ile." Maneno ya kwenye gari hayana barua pepe. Atasema sawa tu, ameshikwa na njaa na foleni ya Kimara.

Mpelelezi_Asiyelipwa:
Bado nasema chai. Tupia picha ya hiyo ndoo.

Kipepeo_wa_Tabata:
[picha: ndoo nyeupe ya mayonezi juu ya kigoda, foili ya mdomoni haijabanduliwa, nyuma friji limefunguliwa mlango na ndani kuna sufuria la maji na chupa za soda zilizojazwa maji]

Baba_Ashura:
Hilo friji nalifahamu. Ndugu yake yuko kwangu.

Kipepeo_wa_Tabata:
Amemwambia. Bosi kauliza kitu kimoja tu, kama chapati zitakuwa mbili mbili. Unga naenda kuchukua sasa hivi. Mama Ntilie, hotipoti ninazo mbili, zinatosha?

Mama_Ntilie_Buguruni:
Hazitoshi. Zangu mbili kubwa njoo uchukue Ijumaa, nipo Buguruni, nakutumia namba kwenye ujumbe wa siri. Zirudi Jumapili, nina msiba Jumatatu.

Kipepeo_wa_Tabata:
Mungu akubariki. Wapendwa, ndoo ya mayonezi naiuza, haijafunguliwa, lita 5. Niko Tabata.

Mpelelezi_Asiyelipwa:
Bei gani?