Mrejesho: mtoto wa mbwa na mazoezi ya ulinzi

Wakuu, niliuliza hapa mtoto wa German Shepherd aanze lini mazoezi ya ulinzi ya IGP (mashindano ya mbwa wa kazi: kufuata nyayo, utii na ulinzi). Asanteni sana mlionizuia kukimbilia kumng'atisha mkono wa mazoezi (kifuniko kinene anachovaa mkufunzi mkononi ili mbwa ang'ate)! Nilishika ushauri wa kipande cha gunia kwenye kamba: nakiburuta chini kama panya, akikamata namwachia ashinde, azunguke nacho uani. Sasa anakamata kwa mdomo mzima, hatafunitafuni. Meno ya utoto yalipoanza kung'oka nilisimamisha hadi fizi zikapona.

Kufuata nyayo zenye vipande vya nyama kumekubali alfajiri tu. Jua la Dar likipanda anahema na kuacha. Bodaboda bado zinamtisha. Chanjo zimekamilika, kwa hiyo tunatoka naye: tunaanza mbali na barabara, kisha tunaisogelea kidogokidogo ili azizoee.