Kikao cha Jumatano kimekuwa "brought forward" siku mbili. Ni Jumatatu au Ijumaa?

Binti Usa
Habari za jioni wakuu. Naratibu safari za wageni hapa Arusha, na mawakala wetu wengi wako Uingereza. Leo Alhamisi imeingia barua pepe: "Wednesday's call has been brought forward by two days." Ofisi imegawanyika. Mhasibu na dereva wetu mkuu wanashikilia kwamba ni Ijumaa, kwa kuwa kikao kikisogezwa mbele maana yake kimeahirishwa. Mimi naona ni Jumatatu ila sina hoja ya kuwashinda. Kama ni Jumatatu, bei za Julai inabidi niziandae wikiendi hii.

Halafu kuna hili neno "line". Bosi mpya kila siku ni "in line with", "along the lines of", "line manager". Naombeni mnieleweshe.

Mzee wa Daftari
Ni Jumatatu, dada. "Bring forward" kwa Mwingereza ni kuwahisha. Kuahirisha anasema "put back", "push back" au "postpone". Sisi tukisema kikao kimesogezwa mbele tunakisukuma kwenda siku zijazo, kule tunakoelekea. Yeye hapo anaona siku ndizo zinazomjia, na kikao kimeletwa karibu naye. Tazama hilo "bring": ni kuleta.

Mhasibu wako msimlaumu. Kwenye leja, chini ya ukurasa anaandika c/f, "carried forward", na juu ya ukurasa unaofuata anaandika b/f, "brought forward". Kwake forward siku zote inaelekea ukurasa wa mbele.

Kaka Lindi
Naongezea. Wangeandika "moved forward" ningekwambia usimwamini mtu yeyote, hata Mwingereza mwenyewe. Lera Boroditsky na Michael Ramscar walichapisha utafiti wao mwaka 2002 kwa swali linalofanana kabisa na lako: kikao cha Jumatano kimesogezwa forward siku mbili, kitakuwa lini? Wazungumzaji wa Kiingereza waligawanyika kati ya Jumatatu na Ijumaa. Waliokuwa wamekaribia kufika mbele kabisa kwenye foleni ya chakula walielekea zaidi kusema Ijumaa kuliko walioko nyuma. Mwili ukisonga, na muda unausoma kwa kusonga. Mimi hili linanifurahisha kila nikilikumbuka.

India wao wamejitengenezea "prepone", kinyume cha "postpone". Neno zuri, ila kwa wakala wa London usilitumie.

Mama Tanga
Kwenye "line" anzia kwenye asili. Imetoka Kilatini *linea*, uzi wa kitani. Fundi mwashi akivuta kamba, matofali yanaifuata. Kwa hiyo "in line with our policy" ni kwa kufuata sera yetu. "Along the lines of" ni legevu zaidi: kitu cha namna hiyo, si lazima kifanane sawasawa. Akikuomba ratiba "along the lines of last year's", una uhuru wa kubadilisha hoteli. "Line manager" ni msimamizi unayeripoti kwake moja kwa moja.

Na "going forward" anayomalizia sentensi ni "kuanzia sasa" tu. "Straightforward" ni jambo lisilo na utata.

Mbeba Begi
Mimi niko Leeds. Uliza na saa. Jumapili ya mwisho ya Machi huku saa zinapelekwa forward, saa saba usiku inakuwa saa nane, na tofauti na nyumbani inashuka kutoka saa tatu hadi mbili. Forward hiyo ni ya kuongeza, si kama ya kikao. Waandikie hivi: "Just to confirm, is that Monday 9 June, and at what time in London?" Taja siku na tarehe, usirudie neno lao.

Binti Usa
Asanteni sana wakuu. Nimewaandikia na wamejibu: Monday 9 June, 10 am ya London, yaani saa sita mchana kwetu. Mhasibu nimemwonyesha, kakubali, ila anauliza: "the deadline has been moved up" nayo ni kuwahisha au kuchelewesha?

Mzee wa Daftari
Kuwahisha. Hiyo mnaisikia zaidi kwa Wamarekani. Na kwa deadline mwambie asisubiri kuthibitisha, afunge hesabu mapema.