Mjadala: Liz Truss aliangushwa na soko, au na wapenzi wa soko?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Jumapili kijiweni tulibishana hadi kahawa ikapoa, hatukufika popote. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba Uingereza haina wanamtandao, yaani kundi la watu wanaobebana hadi madarakani, kama tuliowashuhudia hapa Tanzania 2005. Kule, anasema, chama hupanda kwa sera na hushuka kwa sera. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni siku 49 za Liz Truss, aliyekuwa waziri mkuu wao kupitia chama cha Conservative.

Tarehe 23 Septemba 2022 waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, alitangaza kupunguza kodi kwa takriban pauni bilioni 45, pengo lizibwe kwa mkopo. Tathmini ya ofisi huru ya bajeti haikuambatanishwa. Katibu mkuu wa Hazina alikuwa ameshafukuzwa. Jumatatu iliyofuata pauni ikaporomoka hadi kama dola 1.03, kiwango cha chini ambacho haikuwahi kufika kabla ya hapo. Siku hiyo naikumbuka vizuri, maana dada yangu wa Coventry alikuwa amenitumia pauni 150 za ada ya mtoto. Wakala akapiga hesabu, akafuta, akapiga tena, kisha akaniangalia: "Kaka, pauni nayo imemfuata Malkia."

Siku mbili baadaye Benki Kuu yao ikaanza kununua hati fungani za serikali, yaani karatasi za deni lake, ili mifuko ya pensheni isizame. Kwarteng akatimuliwa tarehe 14 Oktoba, Truss akatangaza kujiuzulu tarehe 20.

Wengi huishia hapo: soko limewaadhibu, basi. Mimi nauliza nani aliwapika hawa watu. Turudi 1955. Antony Fisher, mfugaji aliyetajirika kwa kuku wa kisasa, alikuwa amemwendea mwanauchumi Hayek akiwa na hamu ya kuingia kwenye siasa. Hayek akamwambia aachane nazo, awashike wanaotengeneza mawazo ya watu. Ndipo ikazaliwa IEA, taasisi ya kuhubiri soko huria. Mwaka 1974 wanasiasa wa Conservative, Keith Joseph na Margaret Thatcher, wakaanzisha ya kwao. Baadaye makundi ya aina hiyo yakajazana kwenye jengo namba 55, mtaa wa Tufton, dakika chache kwa miguu kutoka Bungeni. Truss alipoingia madarakani, mshauri wake mkuu wa uchumi alikuwa Matthew Sinclair, aliyewahi kuongoza TaxPayers' Alliance, kundi la kudai kodi ndogo la mtaa huohuo. Naibu mkuu wa watumishi wake aliwahi kufanya kazi IEA.

Watu hawa wamekula pamoja, wameandikiana dibaji, wameajiriana. Ukikaa miaka yote hiyo na wanaokupigia makofi, mwenye hati fungani akikohoa unadhani naye anashangilia.

Na msidhani nawasema Conservative peke yao. Peter Mandelson wa Labour, chama hasimu wao, alijiuzulu uwaziri mara mbili, akaenda kuwa kamishna wa biashara wa Umoja wa Ulaya, akarudi waziri 2008, akafungua kampuni ya ushauri, na 2025 akawa balozi Washington hadi alipofukuzwa Septemba kwa sababu ya ukaribu wake na Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyehukumiwa kwa makosa ya ngono. Mlango anaotolewa ndio anaorudia.

Basi nauliza: mpiga kura wa kule anachagua nini hasa?

Mchangiaji, Mombasa

Bwana, umesimulia vizuri lakini umeruka pahala. Truss hakuletwa na mtaa wa Tufton. Alichaguliwa na wanachama 81,326 wa chama chake. Mshindani wake, Rishi Sunak, aliwaonya msimu mzima wa kiangazi kwamba riba za nyumba zitapaa, nao wakamkataa. Hapo mtandao uko wapi? Watu walitaka kusikia wanalolipenda.

Na wale Fabian, jumuiya ya wasomi wa kisoshalisti, je? Tangu 1884 wanakaa vyumbani wakipanga nchi iendeje, wakaanzisha chuo cha LSE, wakasaidia kuzaa Labour. Hao huwaiti mtandao kwa kuwa wawapenda. Thatcher naye alishinda uchaguzi mara tatu. Mtu aliyeuziwa na serikali yake nyumba ya halmashauri aliyopanga kwa bei ya chini ukimwambia ametekwa fikra, atakufungia mlango.

Mleta mada

Ndugu, la Fabian umenibana, nalikubali nusu. Nusu nyingine siachii: Fabian waliandika kwa majina yao na wanachama wakalipa ada. IEA haitangazi orodha ya wafadhili wake. Na hao 81,326 ni kwenye nchi ya watu milioni 67, hata ukumbi wa harusi una uwiano mzuri kuliko huo.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Wanangu, mnaongea kana kwamba haya yaliishia London. Mwaka 2003 maji ya Dar yalikabidhiwa City Water, ndani yake ikiwemo Biwater ya Uingereza, kwa mkataba wa miaka kumi. Fedha za msaada wa Waingereza ziliwalipa Adam Smith International, kampuni ya ushauri ya kwao, watunadie ubinafsishaji, hadi wimbo ukaimbwa. Wimbo ulisikika, maji hayakuonekana. Mimi niliendelea kununua dumu kwa mwenye mkokoteni. Mei 2005 serikali ikavunja mkataba. Wakatushtaki, na 2008 mahakama ya usuluhishi ikasema tulikosea utaratibu lakini hatudaiwi fidia hata senti. Sasa niambieni, mimi niliyekuwa Temeke nilimpigia nani kura kati ya hao mnaowataja?

Mleta mada

Mama, shikamoo. Hilo sina jibu lake.

Mchangiaji, Glasgow

Mimi nina kipande cha jibu. Maji ya England na Wales yaliuzwa 1989. Serikali ya Conservative ikaanza kuyatazama na ya Scotland. Mwaka 1994 Halmashauri ya Strathclyde, eneo lenye Glasgow yetu, ikawapelekea wakazi kura kwa posta: karibu saba kati ya kila kumi walirudisha karatasi, na asilimia 97 wakakataa. Kura ile haikuwa na nguvu ya kisheria, ila hakuna aliyethubutu kuyauza tena. Bili yangu ya maji mpaka leo inakuja kwenye karatasi moja na kodi ya halmashauri.